Miaka Ishirini ya Bi Mwasiti

Ipo nchi moja ambayo wewe msomaji hujawahi kufika, na hata kama ulizaliwa huko tafadhali usiseme. Ni nchi yenye utaratibu. Kila jambo lina waraka wake, na jambo lisilo na waraka huhesabiwa kwamba halijatokea. Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna hospitali kubwa ya serikali. Nyuma yake, ukishapita chumba cha maiti na kabla hujafika jalalani, kuna jengo refu la mabati linalotoa mvuke tangu asubuhi mpaka jioni. Humo ndimo mashuka yote ya wagonjwa hufuliwa, na humo ndimo Bi Mwasiti Lukindo alifanya kazi tangu akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili.

Mambo haya yalipoanza alikuwa na miaka hamsini na minane. Ilibaki miwili tu astaafu. Alikuwa msimamizi wa udobi, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochubuliwa na klorini, na hakuna doa lililomshinda. Aliijua ile boila ya jengo lake kama mtu anavyomjua mkwe mkorofi: ikikohoa ilitaka maji, ikikoroma ilitaka kuachwa. Aliyeshughulika nayo kwa mikono alikuwa Mzee Feruzi, mkubwa kwake kwa mwaka mmoja, mtu wa maneno machache, ambaye kila asubuhi aliisalimu boila kabla ya kuwasalimu watu.

Rafiki mkubwa wa Mwasiti, hata hivyo, alikuwa ghorofa ya tatu. Huyo ni Bwana Sadala Mtengeti, Afisa Utumishi, mtunza mafaili ya watumishi wote. Waliajiriwa siku moja. Walipanga foleni moja, wakasaini kitabu kimoja, tena kwa kalamu ya Mwasiti, kwa sababu ya Sadala haikuwa na wino. Mke wa Sadala, Bi Rehani, alipopata uchungu wa mtoto wa kwanza mumewe akiwa safarini, Mwasiti ndiye aliyemshika mkono mpaka mtoto akalia. Tangu hapo waliitana kaka na dada, na watu wengi pale hospitali waliamini kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Ugonjwa uliingia mwezi wa tatu. Serikali haikuuita ugonjwa. Iliuita Changamoto ya Kifua, kwa kuwa changamoto hukabiliwa na ugonjwa huhitaji dawa, na dawa hazikuwapo. Changamoto hii ilikuwa na tabia ya kuwachukua zaidi watu wazima. Ndipo Waziri wa Afya na Furaha, Mheshimiwa Daktari Injinia Kasembo Ngwale, alipozungumza na taifa kupitia redio.

"Wazee ni tunu," alisema Waziri. "Na tunu haiwekwi barabarani ikanyeshewa. Kuanzia leo kila mtumishi aliyezidi miaka hamsini na mitano atakaa nyumbani kwake, atunzwe. Na kwa kuwa tunu haina bei, serikali imeona itakuwa ni kuwatukana wazee wetu kuendelea kuwalipa mshahara."

Palifanyika sherehe fupi uwanjani. Mwasiti, Feruzi na wenzao walivishwa shada la maua ya plastiki, wakapewa ndoo na kipande cha sabuni kila mmoja, kisha mashada yakakusanywa kwa ajili ya idara nyingine. Sadala, ingawa naye alikuwa amezidi umri huo, hakuitwa, kwa kuwa ndiye aliyeandika orodha. Mwasiti alirudi nyumbani akiwa tunu. Alikaa wiki tano. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu, akayafua tena.

Kule hospitali waliajiriwa vijana kumi na wawili. Walikuwa vijana wazuri, wenye nguvu, lakini hakuna aliyewafundisha kazi, maana walioijua walikuwa majumbani wakitunzwa. Siku ya tisa boila ilizimika. Mashuka yakarundikana mpaka yakaziba mlango. Vijana wawili wakaanza kukohoa, na kesho yake wale kumi hawakuonekana. Wagonjwa wakawa wanalala juu ya magodoro matupu, kisha juu ya maboksi.

Wizara ikakutana siku mbili mfululizo na ikatoka na Waraka wa Marekebisho ya Umri. Waziri aliusoma mwenyewe, polepole, ili wananchi waufurahie.

"Wataalamu wetu wamebaini kwamba Changamoto hii huwapata wazee," alisema. "Basi sisi tumeondoa wazee. Umri wa mtumishi ni maandishi katika faili, na maandishi hurekebishika. Kila mtumishi mzoefu anayehitajika wodini, maabara na udobi anapunguziwa miaka ishirini kuanzia usiku wa leo. Changamoto itafika pale, itatafuta mzee wa kumshika, itakosa."

Sadala hakutuma barua. Alikwenda mwenyewe kwa Mwasiti, amevaa barakoa mbili, akasimama nje ya kizingiti.

"Dada, umeshasikia."

"Nimesikia. Nina miaka thelathini na minane. Nikipata na mchumba nitakuambia."

Sadala alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kuna watu wanalala kwenye maboksi, dada. Umebaki wewe na Feruzi. Mimi nimekuja kama ndugu, sikuja kama ofisi."

"Na kustaafu kwangu? Imebaki miaka miwili."

"Hii ni karatasi tu. Changamoto ikiisha, nakurudishia miaka yako yote ishirini, mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Faili lako liko kwenye droo yangu. Nani atalifikia bila mimi?"

"Na nikikataa?"

Sadala aliangalia viatu vyake. "Mtu wa miaka thelathini na minane akikaa nyumbani haitwi tunu, dada. Anaitwa mtoro."

Mwasiti alikwenda kuvaa viatu vyake vya mpira. Katika maisha yake alikuwa amemkatalia Sadala mambo mawili tu, na yote yalihusu kumkopesha baiskeli.

Kazi ile ilidumu miezi ishirini. Sitaki kukuchosha na habari zake, maana wizara imeshatoa kitabu chenye picha, na katika picha zile hakuna mtu wa udobi hata mmoja. Mashuka yalikuja yakiwa na kila kitu ambacho mtu anayekata roho hukiacha. Feruzi alilala palepale kwenye joto la boila ili isizimike, na Mwasiti alimletea uji asubuhi. Barakoa waliyopewa ilikuwa moja kwa wiki, kwa sababu vijana, waraka ulisema, wana mapafu mazuri.

Mwezi wa kumi na saba Feruzi alianza kukohoa. Aliendelea kufanya kazi siku tatu. Siku ya nne alimwambia Mwasiti, "Leo uisalimu wewe," akaenda kulala wodini, juu ya shuka walilolifua wenyewe. Alikufa Ijumaa.

Jumatatu Sadala alimwita Mwasiti ghorofa ya tatu. Juu ya meza kulikuwa na fomu.

"Hii inathibitisha kwamba marehemu alikuwa na miaka arobaini," alisema Sadala. "Inatakiwa saini ya msimamizi wake."

"Alikuwa na hamsini na tisa ulipomwandika upya. Alifikisha sitini humuhumu kazini, kaka. Unajua."

"Najua. Lakini faili likipingana na waraka, mjane hapati chochote. Watasema hatujui nani amekufa. Saini tu, dada, Kibibi apate cha kumzika mumewe."

Mwasiti alimfikiria Bi Kibibi, mke wa Feruzi, aliyekuwa chini kwenye benchi amefunga kanga kiunoni, akisubiri. Akasaini.

Kamati ilikaa siku kumi. Ikaamua kwamba, kwa kuwa imethibitishwa na msimamizi wake mwenyewe kuwa marehemu alikuwa kijana, na kwa kuwa Changamoto ya Kifua haiwapati vijana, basi marehemu hakufa kwa Changamoto. Sababu ya kifo iliandikwa kuwa ni uzembe. Familia ilitakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini marehemu aliacha kituo chake cha kazi bila taarifa.

Bi Kibibi alikuja na barua hiyo udobini. Hakupiga kelele. Aliikunjua juu ya meza ya kupigia pasi, akaweka kidole penye saini.

"Mwasiti, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliandika wewe kwamba mume wangu alikuwa na miaka arobaini? Mume wangu ana mtoto wa miaka thelathini na mitano."

"Niliambiwa nikisaini utapata haki yako."

"Nani alikuambia?"

Mwasiti alilitaja jina. Bi Kibibi aliikunja barua, akaitia kifuani, akaondoka. Jioni hiyo Mwasiti alipanda ghorofa ya tatu, akakuta mlango umefungwa na kibao kinasema Afisa Utumishi yuko kwenye semina ya maadili. Alimngojea siku ya pili. Sadala alimwambia ilikuwa bahati mbaya, kamati ilimgeuka, mambo yakitulia ataandika rufaa kwa mkono wake. Mwasiti alitaka kumwamini, akamwamini. Mtu uliyemzoea tangu ujana ni vigumu kumwona upya.

Mambo yakatulia. Serikali ilitangaza ushindi. Palipigwa mizinga ishirini na moja, na Waziri akajitunuku nishani kwa niaba ya watumishi wote, ili kuokoa muda. Mwezi uleule Mwasiti alitimiza miaka sitini. Alivaa gauni lake la kijani, akapeleka barua ya kustaafu.

Kwenye ofisi ya utumishi hakumkuta Sadala. Alimkuta karani, dada mmoja mpole aitwaye Asteria.

"Bwana Mtengeti amestaafu wiki mbili zilizopita," alisema Asteria. "Alifikisha sitini na moja. Walimwongezea mwaka kwa ajili ya sherehe."

"Yeye hakupunguziwa miaka?"

"Waraka ulihusu wodi, maabara na udobi. Ghorofa ya tatu haikuwa na mashuka." Alifungua faili, akasoma, akasoma tena. "Mama, samahani, dada. Wewe una miaka arobaini. Kustaafu bado miaka ishirini."

"Nimefanya kazi hapa miaka thelathini na minane."

"Ndiyo shida iliyojitokeza kwenye ukaguzi. Mtu wa miaka arobaini mwenye utumishi wa miaka thelathini na minane aliajiriwa akiwa na miaka miwili. Serikali haiajiri watoto wachanga, ni kosa la jinai. Kwa hiyo ili kulinda jina la serikali, na jina lako pia, tarehe ya kuajiriwa imerekebishwa. Umeanza kazi siku ile uliporudi wakati wa Changamoto." Aligeuza ukurasa. "Amerekebisha Bwana Mtengeti mwenyewe, kabla ya kuondoka. Ana mwandiko mzuri."

Mwasiti aliomba auone. Ulikuwa mwandiko wa Sadala, zile herufi zake zilizolala upande. Mstari mmoja tu wa wino mwekundu ulipita juu ya ile siku ya foleni na kitabu, na pembeni ameandika: *haikuwepo*.

"Kuna jingine," alisema Asteria, na hapo sauti ikapungua. "Wizara inapunguza wafanyakazi. Wanaanza na walioingia mwisho."

Mwasiti alifika kwa Sadala saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya. Bi Rehani alimkumbatia mlangoni, akamkalisha sebuleni, akaenda jikoni kuchemsha chai. Sadala alitoka chumbani amevaa msuli na shati jeupe, amenona kidogo.

"Dada Mwasiti. Za siku?"

"Kaka, nimeliona faili."

Sadala alikaa. Alisema shinikizo lilikuwa kubwa. Wakaguzi walikuwa wamekaa mezani kwake wakimhoji kuhusu mtoto wa miaka miwili anayefua mashuka. Ama angekiri kwamba ule waraka ulikuwa uongo, ama angenyoosha hesabu. Alinyoosha.

"Mimi sikuja kugombana," alisema Mwasiti. "Nimekuja na karatasi. Naomba uandike mstari mmoja, kwamba tuliajiriwa siku moja. Wewe ni shahidi, Feruzi hayupo. Andika tu kwamba ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

Sadala aliitazama karatasi bila kuigusa. "Nikiandika hivyo nitakuwa nimesema saini yangu mwenyewe ni ya uongo. Wakianza kufukua, watafika kwenye pensheni yangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo," alisema Sadala, na sauti yake ikawa ile ya ghorofa ya tatu, "mimi na wewe tumefahamiana tangu mwaka juzi."

Bi Rehani alikuwa amefika na sinia. Alisimama nalo.

"Sadala," alisema, "mtoto wetu wa kwanza alipokewa na nani?"

"Rehani, hayo si mambo ya ofisi."

"Hapa si ofisini. Hapa ni kwangu. Nimekuuliza."

Sadala alinyanyua gazeti akalisoma, na Mwasiti akaona kwamba mikono inayolishika imetulia kabisa. Hilo ndilo lililomuumiza kupita yote. Njiani alikuwa amejiandaa kumkuta mtu mwenye aibu, na alikuwa ameshaanza kumsamehe. Alikunywa chai nusu kikombe kwa heshima ya Rehani, akaaga, akaenda zake kwa miguu. Alipita kituo cha basi bila kukiona.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Bi Kibibi. Mlangoni alisema alichokuja kusema kabla ya kukaribishwa: kwamba alisaini uongo, na kwamba ameandika karatasi nyingine ya kuukanusha, hii hapa. Bi Kibibi aliisoma mpaka mwisho.

"Watakuamini?"

"Sijui."

Hawakuamini. Kamati ilijibu kwamba mtumishi aliyeajiriwa mwaka juzi hawezi kuwa na ufahamu wa umri wa mtumishi wa siku nyingi, na kwamba ushahidi wake unakubalika pale tu ulipokuwa wa uongo, maana wakati huo ulifuata utaratibu. Ila Bi Kibibi hakumfukuza Mwasiti. Hakumwambia amemsamehe pia. Alimwambia ana karo mbili kubwa za kufulia uani na maji ya bomba, na nyumba za wageni za mtaa wa pili zinatafuta mtu wa kufua. Wakaanza kazi Jumatano. Miezi ya kwanza waliongea kuhusu sabuni tu.

Changamoto ilirudi mwaka uliofuata. Safari hii serikali iliiita Mwangwi. Udobi wa hospitali ulikuwa mikononi mwa kampuni ya shemeji yake Waziri, iliyokuwa na nembo nzuri sana. Boila ilizimika siku ya sita. Wasichana watatu wa kampuni hiyo walikuja uani kwa Bi Kibibi kwa miguu, wakamuuliza Mwasiti inawashwaje, na yeye akawaeleza yote, akawachorea valvu chini kwa kijiti, kwa sababu wagonjwa hawakuwa wamemkosea. Walijaribu. Boila iliwaka siku mbili, ikazima.

Ndipo gari la serikali lilipoingia mtaani. Akashuka Sadala, amevaa barakoa tatu na suti. Alikuwa ameitwa kutoka kwenye mapumziko yake, sasa akiwa Mshauri wa Muda wa Kurejesha Wazoefu. Bi Kibibi alimwona, akaingia ndani na kufunga mlango. Mwasiti alimkuta nje, penye geti la mabati, mikono yake ina povu.

"Dada," alisema Sadala.

"Bwana Mtengeti. Karibu."

Alishtuka kidogo kwa jina hilo, akaendelea. Alisema hali ni mbaya, watu wako sakafuni. Alisema amepewa mamlaka kamili. Akatoa fomu kwenye bahasha, na sehemu ya umri ilikuwa wazi.

"Jaza unavyotaka. Sitini na moja, jaza. Utumishi wako wote, urudi nao. Mimi nitapiga muhuri hapahapa juu ya gari. Tunamhitaji mtu aliyekaa na ile mashine miaka thelathini na minane."

Mwasiti alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimojakimoja.

"Huyo namkumbuka," alisema. "Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, aliingia na kalamu yake. Ndiye anayeijua boila. Mimi niliajiriwa mwaka ule wa Changamoto, nikapunguzwa kazini."

"Mwasiti, tafadhali. Yule ndiye tunayemtafuta."

"Hayupo, Bwana Mtengeti. Ulimfuta wewe, kwa wino mwekundu. Nilikuja kwako nikakuomba umwandike tena, mstari mmoja tu, ukasoma gazeti."

Sadala alibaki ameshika fomu. Dereva alikuwa ameacha injini inaunguruma, na ilikuwa ikiendelea kuunguruma. Mwasiti alirudishia geti bila kulibamiza. Akaenda kwenye kamba, akalivuta shuka moja ili kuligeuza upande wa pili lishike jua. Shuka likamponyoka, likaanguka kwenye vumbi. Aliliokota, akalikung'uta, akaona halifai, akalirudisha karoni kulifua upya.